Mama Yangu na Neno Alhorre

Mtoto akizaliwa kwetu Ocotitla, mji wa mlimani, watu huuliza kama ni wa kike au wa kiume, kafanana na nani, na kama mama yake yuko salama. Mama yangu, Doña Eufrasia kama watu walivyomwita kwa heshima, aliyekuwa mkunga, hayo hakuwa na habari nayo. Alikuwa na swali moja tu, na aliliuliza mlangoni kabla hata hajavua shali yake: "Alhorre imetoka?"

Alhorre ni kile kinyesi cha kwanza cha mtoto mchanga, cheusi, kinachonata, ambacho mzazi akikiona kwa mara ya kwanza hudhani mwanawe anaoza. Mama akikiona alifurahi kuliko aliyeokota dhahabu. Alipiga ishara ya msalaba, akaiinamia ile nepi akainusa, ndiyo, akainusa, kisha akasema, "Haya, sasa huyu ni mtu." Mimi binti yake, Crescencia, ambaye mji mzima unaniita Chencha, niligeukia ukutani nisije nikatapika. Asubuhi nilikuwa nauza mkate, mchana namfuata na kikapu chake kwa sababu magoti yake yalikuwa yameanza kumsaliti. Ukunga wenyewe sikuutaka, wala sikumficha.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono midogo na sauti ya kugombana hata anapokusalimia. Nusu ya mji ilipita mikononi mwake. Siku moja meya wetu alikuwa anajitutumua sokoni mbele ya wenye vibanda, mama akamwambia kwa sauti, "Punguza, mwanangu. Wewe ulikuja duniani umetanguliza makalio, na mimi ndiye niliyekuvuta." Soko zima likaangua kicheko, na meya naye akacheka, angefanya nini? Baba yangu, mtu mpole aliyetengeneza mishumaa ya kanisa, alikufa mapema, na mama hakutaka mume mwingine. Alisema wanaume ameshawaona vya kutosha wakiwa wadogo.

Sasa hilo neno. Kwa mama, alhorre haikuwa kinyesi. Ungeiita kinyesi mbele yake ungekiona cha mtema kuni. Kinyesi kilikuwa kile cha baadaye, cha maziwa. Alhorre ilikuwa giza lote ambalo mtoto amelibeba kutoka tumboni: hasira ambazo mama yake alizimeza, vyakula alivyovitamani akanyimwa, maneno ya mama mkwe. Na neno lenyewe lilikuwa na namna yake, halikufanana na maneno mengine ya kwetu. Mama aliamini limetoka katika sala ya zamani iliyosahauliwa, kwa hiyo na yeye alilisali. Alimpaka mtoto mafuta tumboni akinong'ona, "Toka alhorre, ingia mwanga," na akina mama waliokuwepo waliitikia amina.

Giza hilo, kwa imani yetu, lina njia mbili. Likikosa kutoka chini, hutokea kwenye ngozi. Usoni na kifuani huchomoza vipele vyekundu vyenye ncha nyeupe, na watu wakiviona hushusha pumzi. Imetoka, wanasema, na haidhuru imepitia wapi. Isipotoka popote, mtoto hupewa kijiko cha mafuta ya nyonyo na maji ya waridi, na nyumba nzima hukaa kungoja.

Na kuna desturi ya nepi ya kwanza. Mtoto akishafungwa mkanda wa tumboni na kuviringishwa nguo, hakuna anayeruhusiwa kumfunua ila mama wa baba yake. Yeye ndiye anayetazama, yeye ndiye anayemwonyesha mkunga nepi, na yeye ndiye anayekwenda kuifukia nyuma ya chumba cha kuogea kwa mvuke. Hapo ndipo bata mzinga anachinjwa, mchuzi wa pilipili na kakao unapikwa, na mkunga anakaribishwa mezani. Kabla ya hapo mkunga haonji hata chumvi katika nyumba hiyo. Mkunga akimfunua mtoto kabla ya bibi, ni kama amemtukana bibi huyo mbele ya ukoo wake wote.

Nimeeleza haya yote ili mjue ni kitu gani kilichovunjwa siku ile nyumbani kwa Doña Hilaria.

Doña Hilaria alikuwa na nguruwe wengi, shamba la kahawa, na mwana mmoja tu, Fidencio. Fidencio alikuwa amemwoa Nazaria, msichana wa kijiji cha ng'ambo ya mto, na Hilaria hakuwa amemsamehe hata mmoja wao. "Nyonga za mvulana," alisema kila alipopata wa kumsikiliza. "Huyo hatazaa, na akizaa atazaa mjusi." Nazaria akazaa mvulana mzuri, mwenye nywele nyingi na sauti ya kuamsha mtaa. Mama alimpokea katika kile chumba chao kisicho na dirisha, akamkata kitovu, akamwosha harakaharaka kwa sababu ya ukungu na baridi, akamfunga mkanda, akamviringisha, akamkabidhi kwa bibi yake. Hilaria alimpokea mjukuu kama anapokea Mtoto Yesu kanisani. Siku hiyo hata mimi nilimpenda Hilaria kidogo.

Kesho yake tulipofika, mama akauliza swali lake.

"Bado," Hilaria akasema. "Unategemea nini? Mama mtu alikuwa anatamani matunda ya pori mimba nzima, nani angemfuatia huko korongoni? Sasa matamanio yake yamemkwama mjukuu wangu tumboni."

"Mama, mimi sikutamani matunda yoyote," Nazaria akasema kutoka kitandani.

"Nyamaza wewe. Mzazi hapayuki."

Mama akatoa chupa ya mafuta ya nyonyo, akampa mtoto kijiko. Akamsugua juu ya nguo, akamwombea sala yake. Tukangoja hadi ukungu ukashuka tena, hakikutoka kitu. Tuliporudi siku iliyofuata mtoto alikuwa hanyonyi vizuri. Alilia kilio kifupi, cha juu, kisha akanyamaza, kisha akalia tena. Nazaria alituonyesha shali yake mahali alipotapikiwa, palikuwa na rangi ya kijani.

"Doña, tumbo lake gumu," akamwambia mama. "Nimeligusa kwa juu. Gumu kama ubao."

"Ni upepo, mwanangu. Upepo unatangulia."

Akampa kijiko cha pili. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na kikapu, na wala sikushtuka, kwa sababu nilikuwa nimeona vijiko vya pili vingi tu maishani mwangu. Kabla hatujaondoka, Hilaria aliyekuwa amempakata mtoto karibu na mlango akapiga ukelele uliotushtua sote.

"Vipele! Eufrasia, njoo uone! Vipele usoni!"

Kweli vilikuwepo, vyekundu, vimeenea mashavuni mpaka shingoni. Mama akamsogeza mtoto kwenye mwanga, akamtazama uso kwa makini, akashusha pumzi iliyosikika chumba kizima.

"Imetokea kwenye ngozi," akasema. "Mungu ashukuriwe. Mchinjeni bata mzinga wenu."

Karamu ilifanyika mchana ule ule uani. Nguo ya meza iliyotariziwa ilitandikwa, majirani wakaja na chupa zao. Nazaria aliachwa chumbani na mtoto, kwa maana mzazi haketi kwenye karamu yake mwenyewe, analetewa chakula kitandani. Aliyetarajiwa kuwa baba wa ubatizo alikuwa mwalimu Abundio wa shule ya msingi, kijana mwembamba aliyerithi kwa mjomba wake kamusi nene, na tangu airithi hakuna aliyekula naye kwa amani. Ukimwambia "nipe chumvi" alikueleza chumvi imeitwa hivyo na nani.

Basi watu wakawa wanaisifu alhorre iliyokubali kutoka, na mwalimu akafuta midomo.

"Mnajua hilo neno limetoka wapi?"

"Tumboni!" akajibu jirani mmoja, watu wakacheka.

"Neno, nimesema. Ni la Waarabu. Waarabu walitawala Hispania mamia ya miaka, wakaacha maneno yao kule, Wahispania wakayapakia merikebuni wakayaleta huku. Alhorre ni mojawapo."

"Sala ya Waarabu?" mama akauliza. Alikuwa ameshika kipande cha chapati ya mahindi, mchuzi unamchuruzika kidoleni.

"Sala wapi, Doña Eufrasia! Samahani mbele ya chakula, lakini maana yake ni mavi."

Watu walipasuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja alitema mchuzi kwenye nguo ya meza. Hilaria akanyanyua chapati akamtupia mwalimu ikamganda begani, "Mshenzi we, mezani kwangu!" na kicheko kikazidi. Mimi pia nilicheka, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nikamgeukia mama kumtania kwamba miaka yote amekuwa akiyaombea dua mavi.

Hakuwa anacheka. Ameacha kutafuna. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na macho yamemtoka, anamtazama mwalimu.

"Mavi gani?" akauliza.

"Mavi tu, Doña. Mavi ya mtu. Hakuna kingine humo ndani ya neno."

"Una hakika?"

"Imeandikwa."

"Mavi tu," mama akasema tena, polepole. Halafu akasema kitu ambacho mimi peke yangu nilikisikia kwa kuwa nilikuwa karibu naye. "Mavi hayatoki usoni."

Akasimama. Kwa magoti yale mabovu, alisimama bila kushika meza. Akaenda kwenye pipa la maji, akanawa mikono mpaka viwiko, akaelekea mlango wa chumba. Hilaria alielewa kabla yangu. Akamkimbilia, akajitandaza mlangoni na kile kiwiliwili chake.

"Unakwenda wapi?"

"Kumfunua mtoto."

"Nepi haijatoka! Mimi ndiye bibi! Utamfunua mjukuu wangu mbele ya wageni wangu kwa sababu ya upuuzi wa mwalimu mlevi?"

"Hilaria, shoga yangu, nipishe au nitapita juu yako."

Kicheko kikakatika ghafla uani. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuona mkunga akimsukuma bibi wa mtoto, na nilimwona mama yangu akifanya hivyo, kwa bega, na Hilaria akaenda kugonga ukuta. Nilimfuata ndani. Nazaria alikuwa amekaa kitandani, mtoto mapajani. Alipomwona mama, alianza kufungua nguo yeye mwenyewe.

Mkanda ulipofunguliwa, tumbo likatoka nje. Sina namna nyingine ya kulieleza. Lilikuwa limevimba, linang'aa, na mishipa ya bluu imetambaa juu yake. Mama akamgeuza mtoto, akamtenganisha makalio kwa vidole viwili, akaniambia nifungue mlango wote mwanga uingie. Nikafungua. Nikatazama na mimi.

Hapakuwa na njia. Palikuwa na kishimo kidogo, kama kitovu cha pili, na ngozi imepita juu yake, nzima, laini, haijawahi kufunguka. Ukimwosha mtoto harakaharaka katika chumba chenye giza ungeona kishimo na ungeridhika. Nilifikiria vile vijiko viwili vya mafuta vilivyoingia juu vikisukuma, vinasukuma, na chini hakuna pa kutokea.

"Bikira Maria," mama akasema. "Nimemfanya nini huyu?"

Hilaria alikuwa ameingia nyuma yetu. Alitazama mara moja tu. "Si kweli," akasema. "Hakuzaliwa hivyo! Ni kijicho cha watu, wamemziba kwa macho! Yule jirani alimtazama sana jana!" Na kabla hatujajua anafanya nini, ameshachukua ile chupa ya mafuta iliyoachwa rafuni, anamimina kijiko, mafuta yanamwagikia sakafuni. "Kijiko kimoja zaidi, kitafungua, kitafungua..."

Mama alikipiga kile kijiko kikaruka mpaka ukutani.

"Ukimpa tena unamuua," akasema. "Mimi nimeshampa viwili, na kama nimeshamuua nitajibu mimi. Wewe usiongeze."

Fidencio alikuwa mlangoni na paja la bata mzinga mkononi, mdomo wazi. Mume mzuri, lakini mbele ya mama yake hakuwahi kuwa na kauli. Alimtazama Hilaria, akamtazama mama, akamtazama Hilaria tena. Nazaria ndiye aliyekata shauri. Alishuka kitandani, damu ya uzazi bado inamtiririka miguuni, akamviringisha mwanawe katika shali.

"Fidencio," akasema, "lile lori la kubebea mbao, linalolala kwa mwalimu, bado liko au limeshateremka?"

"Liko," mwalimu akajibu kutoka uani. Chapati ilikuwa bado begani kwake. "Liko, twendeni, naliwasha mimi."

"Ukitoka mlangoni hapa na mtoto ambaye bado hajaonyesha nepi..." Hilaria akaanza.

"Mama," Nazaria akasema, "nepi gani?"

Na Fidencio, Mungu ambariki, akalitupa lile paja chini, akamshika mkewe mkono.

Tuliteremka mlima sote, Hilaria naye, kwa kuwa alirukia nyuma ya lori na nguo zake za karamu, analia na kulaani kwa zamu. Mtoto hakuwa analia tena, na hilo ndilo lililotutisha zaidi. Katika hospitali ya bondeni, daktari kijana alimfungua kwenye meza ya chuma, akamgeuza, uso ukamkunjamana.

"Nani amempa mafuta?"

Nazaria akamtazama mume wake. Hilaria akatazama chini. Nilitamani mama anyamaze, nasema kweli, nilitamani anyamaze na yeye.

"Mimi," akasema. "Ni mkunga. Nimempa vijiko viwili."

Daktari hakumkemea. Alimbeba mtoto akapita naye mlango wa pili, na sisi tukabaki kwenye benchi. Mwalimu Abundio alikuwa amekaa chini sakafuni, ameshika kichwa, na nadhani siku ile alijua kwa mara ya kwanza kwamba neno linaweza kuwa na uzito.

Daktari alipotoka, joho lake lilikuwa limechafuka kwa weusi ambao sote tuliutambua.

"Yuko hai," akasema. "Nimemfungulia njia ubavuni, hapa, chini ya mbavu. Imetoka yote. Atakaa hivyo mpaka akue kidogo, kisha tutamtengenezea njia mahali pake."

"Ubavuni?" Hilaria alishika mashavu yake. "Mjukuu wangu atakuwa anakwenda haja ubavuni? Mbele ya watu?"

"Bibi, angekuwa kaburini mbele ya watu."

Hilaria akamgeukia Nazaria, nikadhani anataka kumtukana, kumbe ameanguka shingoni kwake analia kama mtoto, na Nazaria akamshika, kwa mkono mmoja, kwa uchovu. Kisha Nazaria akamjia mama akataka kumbusu mkono. Mama akauvuta mkono wake akauficha ndani ya shali. Daktari alikuwa anaondoka, mama akamfuata akamshika joho, palepale penye uchafu.

"Daktari, hii ya kuzaliwa bila njia, iko sana?"

"Si sana, mama. Lakini ipo."

"Na wasipoletwa kwenu?"

"Wanakufa. Tumbo linavimba, wanatapika kijani, mwisho wanachoka kulia."

"Na vipele?"

"Vipele havihusiani na hili. Watoto wengi wanavipata, na vinaondoka vyenyewe."

Mama akamwachia joho. Akarudi akakaa karibu nami, taratibu, akawa anaitazama mikono yake. Nilidhani ni uchovu. Nikamwambia, "Mama, umemwokoa. Kama usingesimama pale mezani..."

"Silverio alikuwa na vipele," akasema.

Silverio ni kaka yangu. Alizaliwa na kufa kabla yangu mimi, na nyumbani hatukumtaja isipokuwa siku ya wafu, mama anapomwekea kikombe cha maziwa. Niliambiwa tangu utotoni kwamba alhorre yake ilitokea kwenye ngozi, kisha ikabadili nia ikarudi ndani. Sikuwahi kuuliza zaidi, kwa sababu kwetu jibu hilo linatosha.

"Bibi yako alisema imetoka," mama akaendelea, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti isiyogombana na mtu. "Tukachinja. Nilikula, Chencha. Nilikuwa na njaa ya uzazi nikala vipande viwili. Yeye analia, nikampa mafuta. Akalia zaidi, nikampa tena. Nikamkaripia anyamaze."

"Mama, hukujua. Hakuna aliyejua."

"Nilikuwa mkunga tayari. Nilikuwa nimeshazalisha." Alinitazama, na machozi hayakuwepo, macho yalikuwa makavu kabisa. "Alikuwa mwanangu, amelala mapajani mwangu, na mimi nimekaa nangoja ruhusa ya kumfunua."